Spishi Mpya ya Mmea: Inavyogunduliwa, Kuelezewa na Kupewa Jina
(Mfano wa ua la miamba ya chokaa ya Tanga)

MADA: Uainishaji wa viumbe hai

Baada ya kusoma sehemu hii uweze:
(a) kueleza maana ya kugundua spishi mpya katika sayansi;
(b) kutaja kwa mpangilio hatua za kuelezea mmea mpya unaotoa maua;
(c) kuandika jina la kisayansi bila kosa;
(d) kueleza uhusiano kati ya jina la mmea na uhifadhi wake.

UTANGULIZI

Muulize mzee wa Kisukuma anayechunga karibu na ngitili, atakutajia miti mingi kuliko uliyowahi kuiandika kwenye daftari lako la Baiolojia. Atakwambia upi ni dawa ya tumbo, upi mbuzi huukimbilia wakati wa kiangazi, na upi hauoti popote ila kwenye mbuga. Sasa akija mtaalamu na kusema "nimegundua spishi mpya" katika ardhi hiyohiyo, amegundua nini ambacho mzee hakukijua?

Jibu lake ndilo kiini cha mada hii. Katika sayansi, kugundua spishi mpya si kuwa mtu wa kwanza kuuona mmea. Ni kuthibitisha kwa ushahidi kwamba mmea huo haujawahi kuelezewa, kisha kuuelezea hadharani kwa namna ambayo mtu yeyote, popote alipo, anaweza kuhakiki. Mambo mawili yanahitajika: ushahidi unaoshikika na maelezo yaliyochapishwa. Likikosekana mojawapo, mmea unaweza kujulikana kijiji kizima na bado ukawa haumo katika kitabu chochote cha sayansi.

Karatasi yako ya Baiolojia itakuja kwa Kiingereza. Hilo lisikutie wasiwasi. Mwanafunzi aliyelielewa wazo kwa lugha anayofikiria hulijibu swali kwa urahisi kuliko aliyekariri sentensi asizozielewa. Shika wazo hapa, kisha rudi kwenye daftari lako ujifunze istilahi zake.

1. MANENO MUHIMU

Spishi: kundi la viumbe wanaofanana kwa sifa za msingi, wanaoweza kuzaliana wao kwa wao na kupata vizazi vyenye uwezo wa kuzaa.

Jenasi: kundi la spishi zenye uhusiano wa karibu. Jenasi zinazohusiana huunda familia.

Kielelezo: mmea au sehemu ya mmea iliyokaushwa, ikabandikwa kwenye karatasi ngumu na kuwekewa lebo yenye taarifa zake.

Hebaria: ghala la kuhifadhia vielelezo vya mimea iliyokaushwa. Kielelezo kikitunzwa vizuri hudumu kwa mamia ya miaka.

Holotaipu: kielelezo kimoja kilichoteuliwa na mwandishi kuwa msingi wa jina la spishi. Ukitokea ubishi juu ya jina hilo, watu hurudi kukitazama kielelezo hicho.

Makazi: aina ya mahali mmea unapoishi, kwa mfano nyufa za mwamba wa chokaa. Usichanganye na eneo la mtawanyiko, yaani sehemu zote za ramani ambako mmea hupatikana.

2. MFANO HALISI: UA LA MIAMBA YA CHOKAA

2.1 Mahali penyewe

Kilomita chache kaskazini ya mji wa Tanga kuna Mapango ya Amboni, karibu na mito Sigi na Mkulumuzi. Miamba ya hapo ni ya chokaa. Kumbuka somo la Kemia: chokaa ya mwamba ni kalsiamu kabonati. Ukiidondoshea asidi hidrokloriki, hutoa mapovu ya gesi ya kabonidayoksaidi. Maji ya mvua nayo hubeba kabonidayoksaidi kutoka angani na udongoni, yakawa asidi dhaifu. Asidi hiyo huula mwamba polepole kwa muda mrefu mno, na ndivyo mapango na nyufa zinavyotokea.

Kwa mmea, mwamba wa chokaa ni makazi yenye masharti yake:
(i) udongo wake huwa na alikali, na mimea mingi haiuvumilii;
(ii) maji hupita haraka kwenye nyufa, hivyo mizizi hubaki na kiasi kidogo;
(iii) udongo wenyewe ni haba, umejikusanya kwenye nyufa tu;
(iv) nyufa zilizo kwenye kivuli karibu na mto hubaki na unyevu hata jua likiwa kali.

Mmea unaoweza kuishi kwa masharti hayo hupata nafasi isiyo na washindani wengi. Zaidi ya hapo, mwamba mmoja wa chokaa huwa mbali na mwingine, na katikati kuna udongo wa aina nyingine. Ni kama visiwa vilivyo nchi kavu. Mimea ya kisiwa kimoja haichavushani kwa urahisi na ya kisiwa kingine, hivyo baada ya vizazi vingi hutofautiana. Hii ndiyo sababu miamba ya chokaa huwa na spishi zisizopatikana kwingine. Kanuni hiyo haihusu chokaa peke yake. Huko Katanga, udongo wenye shaba nyingi nao una mimea yake ambayo huikuti kwenye udongo wa kawaida.

2.2 Vielelezo vilivyofika, jina lisipatikane

Katika nyufa hizo za Tanga huota mmea mdogo wenye maua ya rangi ya zambarau. Ndugu zake wa karibu hupatikana katika milima ya Usambara na Uluguru na sehemu nyingine za Tanzania, na pia kusini-mashariki mwa Kenya.

Vielelezo vya mimea ya kundi hili vilifika mapema katika bustani ya Kew, Uingereza. Kimoja kilipelekwa mwaka 1884 na John Kirk, aliyekuwa balozi wa Uingereza Zanzibar. Kingine kilipelekwa mwaka 1887 na mmisionari W. E. Taylor, yuleyule aliyekusanya methali za Kiswahili na kusaidia kuhifadhi mashairi ya Muyaka wa Mombasa. Lakini vielelezo hivyo havikutosheleza kuelezea spishi mpya. Mmea ulikuwa umeonwa, umechumwa, umevushwa bahari na umewekwa ghalani, na bado haukuwa na jina la kisayansi.

Zingatia: hapa ndipo swali la "kugundua" linapoeleweka. Kielelezo kibovu au kisichokamilika ni sawa na shahidi aliyefika mahakamani akashindwa kueleza alichokiona.

2.3 Mwaka 1892 hadi 1893

Wakati wa utawala wa Wajerumani, mkuu wa wilaya aliyekaa Tanga aliitwa Walter von Saint Paul-Illaire. Mwaka 1892 alipeleka mmea huo kwa baba yake, Ulrich, nchini Ujerumani. Alieleza sehemu mbili alikoupata. Ya kwanza ilikuwa mwendo wa saa moja hivi kutoka Tanga, kwenye nyufa za mawe ya chokaa, usawa wa futi 50 hadi 150 tu kutoka baharini. Ya pili ilikuwa juu zaidi, ndani ya msitu wa Usambara, kwenye miamba isiyo ya chokaa.

Baba aliufikisha mmea kwa Hermann Wendland, msimamizi wa bustani za Herrenhausen katika mji wa Hannover. Wendland alikuwa na kitu ambacho hakikuwepo Kew: mmea ulio hai, unaochanua mbele yake. Aliuchunguza, akaulinganisha na mimea iliyokwisha kujulikana, akaona hauingii hata katika jenasi yoyote iliyokuwepo. Mwaka 1893 alichapisha maelezo yake na kuunda jenasi mpya. Aliuita Saintpaulia ionantha.

2.4 Jina lina maana gani?

Sehemu ya kwanza, Saintpaulia, ni jenasi, na inawaheshimu baba na mtoto. Sehemu ya pili, ionantha, imetokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya "maua kama violeti". Violeti ni ua dogo la Ulaya, la jenasi Viola. Kwa sababu ya kufanana huko, wauzaji wa maua wakaanza kuuita mmea wetu "violeti ya Afrika", na jina hilo limebaki hadi leo.

Tazama sasa jinsi jina la mtaani linavyopotosha. Violeti ya Ulaya ina petali tano zilizoachana, moja ikiwa na mfuko nyuma yake, na stameni tano. Ua la Tanga lina petali tano zilizoungana kwenye kitako, na stameni mbili tu zinazotoa chavua. Haya ni maua ya familia mbili tofauti kabisa. La Ulaya ni la familia ya Violaceae, la Tanga ni la Gesneriaceae. Rangi iliwafanya watu waone undugu usiokuwepo. Ukiulizwa faida ya majina ya kisayansi, mfano huu unakutosha.

2.5 Jina moja, mimea miwili

Habari haikuishia 1893. Mimea iliyofika Ulaya ilitoka sehemu zote mbili, ya chokaa na ya Usambara, na kwa muda mrefu yote iliitwa jina moja. Ukitazama maua huoni tofauti kubwa. Tofauti ilikuwa kwenye tunda: mmoja una tunda fupi na nene, mwingine una tunda refu na jembamba. Katika miaka ya 1950 mtaalamu wa Edinburgh, B. L. Burtt, aliutenga ule wa pili na kuupa jina Saintpaulia confusa. Jina hilo linakumbusha kwamba mmea huo ulikuwa ukichanganywa na mwingine.

Baadaye spishi zilizopewa majina katika jenasi hii zilifika takriban 20. Mwaka 2006, katika kitabu kikubwa cha mimea ya Afrika Mashariki, zilipunguzwa hadi 6, na nyingi ya zile za zamani zikahesabiwa kuwa nususpishi za ionantha. Kisha uchunguzi wa DNA ukaonyesha kwamba kundi zima limo ndani ya jenasi iliyotangulia kupewa jina, Streptocarpus. Kwa hiyo vitabu vipya huuita mmea wetu Streptocarpus ionanthus.

Usidhani kubadilika huku ni udhaifu wa sayansi. Jina la spishi ni hoja, na hoja hupimwa upya ushahidi mpya ukipatikana. Hoja hiyo hupimika kwa sababu vielelezo na maelezo yaliyochapishwa vimehifadhiwa.

3. HATUA ZA KUELEZEA SPISHI MPYA

Hatua ya 1: Kibali. Mtafiti huomba kibali cha utafiti. Nchini kwetu Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) ndiyo hutoa vibali hivyo. Akiingia hifadhini au kwenye ardhi ya kijiji, huwaona kwanza wahusika wa hapo.

Hatua ya 2: Kukusanya. Kielelezo kizuri kina jani, ua na, ikiwezekana, tunda. Papo hapo mtafiti huandika tarehe, mahali, mwinuko, aina ya mwamba au udongo, urefu wa mmea na rangi ya ua. Rangi huandikwa siku hiyohiyo kwa sababu ua likikauka hupoteza rangi yake. Kila mkusanyo hupewa namba. Mimea ikiwa michache, huchukua kidogo au hachukui kabisa: picha na kipande cha jani vitatosha mpaka ajue ipo mingine.

Hatua ya 3: Kukausha. Mmea hupangwa kati ya karatasi za magazeti, hubanwa kwa mbao na kukaushwa. Maua machache huwekwa kwenye spiriti ili umbo lake lisiharibike.

Hatua ya 4: Kulinganisha. Hii ndiyo kazi ndefu kuliko zote. Mtafiti hukilinganisha kielelezo chake na vya spishi zote zilizo karibu nacho. Tanzania ina hebaria katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Arusha na Lushoto. Hebaria ya Afrika Mashariki iliyoko Nairobi ilianzia Amani, Usambara, kabla ya kuhamishwa mwaka 1950. Kitabu cha kurejelea ni ule mfululizo wa mimea ya Afrika Mashariki ya kitropiki, uliochapishwa kati ya mwaka 1952 na 2012 na kueleza spishi zaidi ya 12,000 za Kenya, Uganda na Tanzania. Siku hizi DNA husaidia, lakini haiondoi haja ya kutazama ua lenyewe.

Hatua ya 5: Kuandika. Mtafiti huandika mambo makuu manne: jina, sifa zinazoitofautisha spishi yake na jirani zake, maelezo kamili ya mmea, na holotaipu, akitaja imehifadhiwa hebaria gani. Nakala za kielelezo hugawiwa hebaria nyingine, na ni muhimu baadhi zibaki katika nchi ulikotoka mmea.

Hatua ya 6: Kuchapisha. Jina lisilochapishwa si jina. Kuna kanuni za kimataifa. Majina mengi ya mimea huanza kuhesabiwa mwaka 1753, kitabu cha Linnaeus kilipotoka. Watu wawili wakiuita mmea mmoja majina mawili, lililotangulia kuchapishwa kwa kufuata kanuni ndilo kwa kawaida hushika. Tangu mwaka 1958 jina jipya la spishi halikubaliwi bila kutaja kielelezo chake cha msingi. Kwa miaka mingi maelezo ya kutofautisha yalilazimika kuwa kwa Kilatini. Kuanzia mwaka 2012 Kiingereza nacho kinakubaliwa.

Hatua ya 7: Kupima hatari. Baada ya kupata jina, spishi hupimwa kama iko hatarini kutoweka, kwa kutazama eneo lake, wingi wake na yanayoitishia.

4. NAMNA YA KUANDIKA MAELEZO YA MMEA

Fuata mpangilio mmoja siku zote: umbo la mmea, jani, ua, tunda, makazi. Ua la Tanga lingeandikwa hivi:

Mmea mdogo usio na shina refu. Majani yamepangika kwa kuzunguka karibu na ardhi, yana vikonyo na yamefunikwa na vinyweleo. Maua ni ya zambarau. Petali 5 zimeungana kwenye kitako, mbili za juu ni ndogo kuliko tatu za chini. Stameni zenye chavua ni 2, na vifuko vyake vya chavua ni vya njano. Ovari iko juu ya mahali petali zinaposhikia. Tunda ni kavu, hupasuka likikomaa na kutoa mbegu nyingi ndogo sana. Huota kwenye nyufa za miamba ya chokaa penye kivuli.

Angalia kwamba maelezo hayo hayana neno "zuri" wala "la kuvutia". Sifa inayofaa ni ile inayohesabika, inayopimika au inayolinganishika.

Kutokana na maelezo kama hayo tunatengeneza ufunguo wa utambuzi. Huu hapa ni wa mimea minne:

1a. Jani lina vena sambamba: mahindi
1b. Jani lina vena kama wavu: nenda namba 2
2a. Stameni ni nyingi, zimeungana kuwa bomba: pamba
2b. Stameni hazizidi 5: nenda namba 3
3a. Stameni 5, petali zimeachana: violeti ya Ulaya
3b. Stameni zenye chavua 2, petali zimeungana kwenye kitako: Saintpaulia

Kila hatua ina njia mbili tu zinazopingana. Ukiandika njia ya kwanza kuhusu rangi na ya pili kuhusu urefu, ufunguo umeharibika.

5. HAYA YANAKUHUSU VIPI WEWE WA SHINYANGA NA GEITA?

Kwanza, kazi hii imefanyika hapahapa. Katika miaka ya 1930, Old Shinyanga ilikuwa makao ya idara ya utafiti wa mbung'o. Ili kumjua mbung'o ilibidi kuijua misitu anayoishi, na mtaalamu wa mimea wa idara hiyo alikuwa B. D. Burtt. Alikusanya vielelezo vingi, na mwaka 1931 jenasi moja ya vichaka vya Tanzania iliitwa Burttia kwa heshima yake. Alifariki mwaka 1938 katika ajali ya ndege pamoja na mkuu wake, C. F. M. Swynnerton. Huyu si yule B. L. Burtt wa Edinburgh tuliyemtaja juu. Ndiyo sababu jina la mwandishi wa spishi huandikwa pamoja na herufi za mwanzo pale majina yanapofanana.

Pili, udongo wako nao una hadithi. Wakulima wa Kisukuma wana majina ya udongo: luseni wa mchanga, mbuga mweusi wa mfinyanzi, ibushi wenye vipande vya chokaa. Uainishaji huo umetokana na kutazama kwa makini kile kinachoota na kisichoota mahali fulani, na mtafiti mwenye akili huanza kwa kuuliza majina hayo. Ukiwa na siki nyumbani, idondoshee kipande cheupe kutoka kwenye ibushi na utazame kama kitatoa mapovu.

Tatu, na hili ndilo zito, ardhi yetu inabadilika haraka. Migodi mikubwa hufungua mashimo mapana. Wachimbaji wadogo hukata miti ya kutengenezea matimba ya kuzuia maduara yasiporomoke. Miti mingine huishia kwenye mkaa. Chokaa ya Tanga nayo ina wateja wake, kwa kuwa mwamba huohuo ndio malighafi ya saruji na chokaa ya kujengea. Hakuna anayesema watu wasichimbe. Wengi wenu karo imetoka huko. Swali ni kama tunajua tunachokiondoa.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla haijaanza. Ndani ya tathmini hiyo huwamo orodha ya mimea ya eneo. Mmea wenye jina unaweza kutafutwa vitabuni: unaota wapi kwingine, ni wa kawaida au ni wa hapo tu. Kama ni wa hapo tu, mchoro wa barabara ya mgodi unaweza kusogezwa, au mbegu zikakusanywa mapema. Mmea usio na jina huandikwa "haujatambuliwa", na neno hilo halimzuii mtu wala tingatinga. Dhahabu bei yake hutangazwa kila siku, lakini mmea ambao haujaelezewa hauna wa kuusemea.

Mkoa wa Shinyanga umewahi kuonyesha kwamba ardhi iliyochoka inaweza kurudi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), ulioanza mwaka 1986, ulifufua ngitili kwa kutumia desturi ya wenyeji wenyewe ya kutenga malisho. Miti mingi ilichipua kutoka kwenye visiki na mizizi iliyobaki. Lakini kinachoweza kuchipua ni kile ambacho bado kipo. Spishi ya mwamba mmoja, mwamba huo ukisagwa, haina kisiki cha kurudia.

6. MAKOSA YA KUEPUKA KWENYE MTIHANI

(a) Kuandika Saintpaulia Ionantha au saintpaulia ionantha. Jenasi huanza na herufi kubwa, jina la pili huanza na herufi ndogo. Kwa mkono, pigia mstari kila neno peke yake.
(b) Kutoa jina la pili peke yake, "ionantha", kana kwamba linajitosheleza. Spishi hutajwa kwa maneno mawili.
(c) Kuchanganya mwaka wa kukusanywa (1892) na mwaka wa kuchapishwa (1893). Jina huhesabiwa kuanzia kuchapishwa.
(d) Kutumia rangi ya ua kama sifa pekee ya kutofautisha spishi.
(e) Kusema "mmea mpya" ukimaanisha mmea uliotokea juzi. Mmea ni wa kale, kipya ni maelezo yake.

7. MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini spishi ya ua la Tanga huhesabiwa kuelezewa mwaka 1893 na si 1884?
2. Eleza sababu mbili zinazofanya miamba ya chokaa iwe na spishi zisizopatikana kwingine.
3. Holotaipu ina kazi gani?
4. Mwanafunzi wa Geita amekuta mmea unaochanua kwenye mwamba karibu na maduara ya wachimbaji. Kila anayemuuliza haujui. Mimea yenyewe ni mitano tu. Mshauri la kufanya.
5. "Kuupa mmea jina ni hatua ya kwanza ya kuuhifadhi." Jadili.

MAJIBU

1. Kielelezo kilichofika Kew mwaka 1884 hakikutosheleza kuelezea spishi mpya, na hakuna jina lililochapishwa. Mwaka 1893 Wendland alichapisha jina na maelezo akitumia mimea hai.

2. Udongo wenye alikali na unaopitisha maji haraka huruhusu mimea michache iliyozoea hali hiyo. Pia miamba hiyo imetengana, hivyo mimea ya sehemu moja haichavushani kwa urahisi na ya sehemu nyingine na hutofautiana baada ya vizazi vingi.

3. Ni ushahidi wa kudumu wa jina. Mtu akitilia shaka, hukilinganisha kielelezo chake na holotaipu.

4. Asing'oe. Apige picha za mmea mzima, jani, ua kwa mbele na ubavuni, na tunda kama lipo. Aandike tarehe, mahali na aina ya mwamba. Apime jani na ahesabu petali na stameni. Awaulize wazee jina la kienyeji. Kisha amfikishie mwalimu wake taarifa hizo ili ziende kwenye hebaria ya chuo kikuu. Asitangaze kuwa ni spishi mpya kabla haijalinganishwa na nyingine, kwani huenda ni mmea unaojulikana kwingine.

5. Anza kwa kutoa maana ya jina la kisayansi. Hoja za kukubali: jina huwezesha mmea kutafutwa vitabuni, kupimwa hatari ya kutoweka, na kuingizwa kwenye tathmini za mazingira. Hoja ya kutahadharisha: jina pekee halilindi. Mwamba wa chokaa unaweza kusagwa hata kama mmea wake una jina maarufu duniani, na wenyeji wanaweza kuutunza mmea kwa karne nyingi bila jina la Kilatini, kama wanavyofanya kwenye ngitili. Hitimisha kwa msimamo wako, ukiutetea kwa mfano mmoja wa kweli. Mtahini hatafuti msimamo fulani. Anachopima ni kama umeutetea kwa ushahidi.